Vita vimetuleta kambini, na hapa ndipo nimejua kwamba nyanya yangu ni Mutwa, wa watu asilia wa msitu wa Kahuzi. Je, tuandikishwe upya?

Nsimire_wa_Kadutu

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wote mnaosoma. Ninaandika kutoka kambi ya wakimbizi ya Musenyi, kusini-mashariki mwa Burundi, na ninaomba mnivumilie kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili.

Sisi ni watu wa Bukavu, mtaa wa Kadutu. Mwezi wa Februari mwaka 2025, waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu na kuingia mjini, mama, wadogo zangu, mimi na nyanya yangu mzaa baba, ambaye nyumbani tunamwita Koko, tulishika barabara ya Kamanyola pamoja na umati, tukavuka mto Ruzizi na kujikuta tumelala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, kabla ya kuletwa huku. Baba alibaki kulinda nyumba.

Maisha yangu yote nimejua kwamba Koko ni Mushi, wa kabila la Bashi kama sisi, yatima kutoka upande wa Walungu, na kwamba ndugu zake walikwisha. Ukoo unahesabiwa kwa baba, na babu alikuwa Mushi wa Kabare ambaye kwao kunajulikana, kwa hiyo upande wa Koko haukuwa na mtu wa kuulizia. Nikikumbuka sasa, ninaona kwamba alama zilikuwepo. Kila alipokuja mgeni wa kutoka Miti, Koko alishikwa na kichwa ghafla na kujifungia chumbani mpaka mgeni aondoke. Pia hakuna mtu pale Kadutu aliyejua asali kama yeye: alionja tone moja kwenye ncha ya kidole, akamwambia muuzaji kwamba amechanganya na sukari, na muuzaji hakubisha.

Pale Rugombo tulikuwa kwenye foleni ya maji. Mama mmoja mzee tusiyemjua alisimama mbele ya Koko, akamkazia macho, akamwita kwa jina ambalo sijawahi kulisikia. Koko aliinama na kujifanya anakaza kifuniko cha dumu. Yule mama akalirudia jina lile, akataja na jina la kilima, kisha jina la mtu ambaye baadaye nilielewa kuwa ni baba mzazi wa Koko. Hapo Koko aliliacha dumu, wakashikana mabega, wakazungumza Kimashi kwa kasi ambayo mimi, mtoto wa mjini, sikuweza kuifuata. Nilidaka neno Kahuzi, na nilidaka kwamba walikuwa wakihesabu waliokufa.

Alinieleza mwenyewe baadaye, vipande vipande. Alizaliwa katika msitu wa mlima Kahuzi, juu ya Miti, katika familia ya Batwa waliokuwa wakiishi kwa kuwinda, kuchimba viazi mwitu na kurina asali. Alikuwa msichana mdogo walipoambiwa kwamba msitu sasa ni hifadhi ya taifa na kwamba hawana ruhusa tena ya kulala humo. Hawakupewa shamba wala fidia. Wazazi wake walijenga kibanda pembeni mwa shamba la chai la watu, na yeye akawa analima mashamba ya wengine kwa malipo ya chakula cha siku ile. Huko ndiko babu alikomwona. Nyumbani kwa kina babu walikataa hata kunywa kwenye kikombe alichokigusa, basi babu akamchukua wakahamia Bukavu, akamtungia asili mpya, na asili hiyo ndiyo tuliyokua nayo.

Nilipompigia baba simu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba anajua tangu mwaka 1996, walipokuwa wakikimbia vita vya kwanza na Koko akawaongoza usiku kupita msituni bila taa. Akaniagiza nisizungumze habari hiyo kwenye simu tena.

Sasa linalonisumbua ni hili. Tulipoandikishwa, sote tuliandikwa Bashi, na tunasikia kwamba uhakiki wa orodha utafanyika tena. Je, nimshauri Koko aeleze ukweli? Na mimi mwenyewe, kwa kuwa desturi inanihesabu kwa babu, je, nina haki ya kusema kwamba mimi pia ni Mutwa, au nitakuwa ninajivika kitu kisicho changu? Kaka yangu amekasirika kabisa. Anasema kwamba Congo yetu ilivyo sasa, mwenye akili hajiongezei kabila. Naomba mawazo ya watu wazima na ya wenye kujua sheria.

Mwanasheria_Kampala

Dada Nsimire, pole sana kwa safari na kwa uzito wa uliyoyasikia. Mimi pia ni mtoto wa Bukavu, na kazi yangu hapa Uganda ni kuwasaidia wakimbizi katika mambo ya kisheria, kwa hiyo nitaanza na karatasi kisha niende kwenye ukoo.

Taarifa iliyo kwenye faili la Koko ni mali ya Koko. Wewe unaweza kumweleza faida na hasara, lakini usimtangulie mbele ya karani, na usimsemee hata kama unafanya hivyo kwa upendo. Akiamua kusema, ana haki ya kuomba kuhojiwa faraghani, mbali na foleni na hata mbali na ninyi wajukuu, na kuomba mhoji mwanamke. Kinachoandikwa humo hakipaswi kutolewa kwa majirani wala kwa serikali ya nchi mliyoikimbia. Akiamua kutosema leo, hajapoteza kitu, kwa sababu taarifa inaweza kurekebishwa wakati mwingine, ingawa ni vyema kueleza wakati huo kwa nini ilifichwa. Hofu ya kubaguliwa ni sababu inayoeleweka, na wahoji wenye uzoefu wameisikia mara nyingi.

Kuhusu wewe mwenyewe, sheria za kimataifa hazitoi kipimo cha damu. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1989, unasema kwamba kujitambua kwa watu wenyewe kuwa ni watu asilia ni kigezo cha msingi. Congo haijauridhia mkataba huo, na barani Afrika ni Jamhuri ya Afrika ya Kati pekee iliyouridhia, lakini Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 linakwenda njia hiyo hiyo katika ibara ya 33: jamii asilia zina haki ya kuamua zenyewe nani ni wao, kwa mujibu wa desturi zao. Maana yake ni kwamba kujitambua kwako ni nusu ya jambo. Nusu ya pili iko kwa Batwa wenyewe, na hiyo huipati kwa karani. Desturi ya Bashi inakuhesabu kwa babu, sawa, lakini desturi ya Bashi haina mamlaka ya kuwaamulia Batwa kama watakupokea au hawatakupokea.

Nyumbani tunayo sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda na kuendeleza haki za watu asilia wa jamii ya Mbilikimo. Ninalitumia neno hilo kwa sababu ndivyo sheria inavyowataja, ingawa najua mitaani kwetu ni tusi. Sheria hiyo inatambua haki yao juu ya ardhi na maliasili walizozitumia tangu jadi, na inataka ridhaa yao kabla ya kuhamishwa. Kwa bahati mbaya ilikuja nusu karne baada ya Koko kuhamishwa.

Naomba kaka yako asome na hili. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000 hivi, ikapanuliwa mwaka 1975 ikafika hekta 600,000, na mwaka 1980 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya sokwe wake wakubwa. Maelfu ya Batwa waliondolewa. Kesi yao ilifika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi kwamba serikali ya Congo ilivunja haki zao, kwamba irudishe ardhi, iwalipe fidia na iwaombe radhi. Koko si mtu mwenye siri ya aibu. Ni shahidi na mdai katika jambo ambalo chombo cha bara zima kimekwisha kulitolea uamuzi. Ndiyo sababu mimi, kama angekuwa nyanya yangu, ningemshauri aandikishwe alivyo, na mapema, kwa maana watu ambao hawamo kwenye orodha yoyote ndio wanaosahaulika haki inapogawanywa.

Mzee_wa_Lukuga

Mwanangu Nsimire, marahaba. Nimeyasoma maneno ya mwanasheria na ninayaheshimu, lakini mimi nimezaliwa Tanganyika ya Congo na nitakueleza upande ambao vitabu vya sheria vinaupitia juu juu.

Baba yangu alikuwa Muluba na mama yangu Mutwa. Kwetu ndoa ya namna hiyo ilikuwa ikisemwa kwa kicheko, na zaidi ilikuwa mwanamume Muluba kuchukua binti wa Kitwa. Mwanamume wa Kitwa aliyemtamani binti wa Kiluba alikuwa anatafuta kupigwa. Tuliishi hivyo. Kisha kuanzia mwaka 2013 dharau ile ikawa vita. Batwa walichoka kulimishwa kwa chumvi na nguo kuukuu, wakadai haki, na pande zote mbili zikajiundia makundi: vijana wa Kitwa na mishale yao, vijana wa Kiluba na mapanga yao. Vijiji viliteketezwa huku na huku. Mwaka 2015, huko Nyunzu, kambi ya Batwa waliokuwa wamekimbia makwao ilivamiwa na watu wakauawa kwa makumi, wengi wakiwa wanawake na watoto. Sisemi kwamba upande mmoja ulikuwa malaika, kwa maana nimezika ndugu wa pande zote mbili.

Katika miaka ile nilikuwa naendesha baiskeli za mizigo kati ya Kalemie na vijiji vya ndani. Kwenye kizuizi cha vijana wa Kiluba nilitaja jina la babu mzaa baba. Kwenye kizuizi cha vijana wa Kitwa nilitaja jina la babu mzaa mama, nikawasalimu kwa lafudhi ya mama, nikapita. Waliokuwa na upande mmoja tu walipita kizuizi kimoja tu. Lakini siku ile ambayo mtu anayekujua kutoka upande mwingine amesimama kwenye kizuizi kisicho chake, huna pa kutokea, na nilinusurika siku hiyo kwa sababu tu aliyenitambua alikuwa ananidai pesa na alitaka nilipe.

Kwa hiyo nasema: ukweli mpe mjukuu, karatasi iache kwanza. Mwanasheria anasema taarifa za faili hazitolewi, na pengine huko ofisini ni kweli. Lakini wewe unaishi kambini, ambako makarani ni vijana wa kambini, na foleni ina masikio. Leo Koko ni bibi kizee wa Bukavu anayehurumiwa na jirani. Kesho jirani huyo huyo anaweza kuacha kumwazima sufuria. Zaidi ya hapo, tangu Batwa waliporudi kwa nguvu ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega mwaka 2018 na kugongana na walinzi na wanajeshi, wako watu wa Kivu wanaomwona kila Mutwa kuwa mwenzi wa makundi yenye silaha msituni. Baba yako yuko Bukavu peke yake. Kabla hujaandika chochote huku, mfikirie yeye kule. Alikukataza kuzungumza kwenye simu kwa sababu anajua anachokijua.

Hasira za kaka yako zisikutie uchungu. Ana woga wa mtu mzima.

Kijana_wa_Ndosho

Mimi ni wa Goma na nitasema kwa ufupi. Ukabila ndio uliotumaliza. Rwanda walifuta kabila kwenye vitambulisho baada ya mwaka 1994, na sisi tunaulizana humu jinsi ya kuongeza jingine? Dada, wewe ni Mkongomani, basi. Koko amekula chumvi nyingi bila jina hilo, mwacheni apumzike.

Mwalimu_wa_Gitega

Ndugu wa Ndosho, nitakujibu wewe kwanza, kisha nimgeukie Nsimire, kwa sababu mimi ni Mutwa wa Burundi, sijifichi, na ni mwalimu wa shule ya msingi.

Wabelgiji walipogawa vitambulisho vya kabila nchini Rwanda katika miaka ya 1930, neno Twa liliandikwa pamoja na mengine mawili, Hutu na Tutsi, na mwaka 1994 Batwa waliuawa pamoja na wengine, kisha wakabaki wakitajwa pembezoni mwa hadithi ya makabila hayo mawili makubwa. Kufutwa kwa kabila kwenye kitambulisho kuliwafaa wengi, sikatai. Lakini Mutwa hakutambuliwa kwa kitambulisho. Alitambuliwa kwa kibuyu alichotengewa, kwa mrija wa pombe ambao hakuruhusiwa kuuchangia na wengine kwenye mtungi mmoja, kwa sahani ya chakula aliyowekewa nje ya uzio. Huwezi kufuta kwa sheria ya maandishi kitu ambacho hakikuandikwa. Sisi huku Burundi tulichagua njia nyingine: baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, katiba ya mwaka 2005 ilitenga viti vitatu vya Batwa katika Bunge na vitatu katika Seneti, na mwaka 2020 tulipata waziri wa kwanza Mutwa, mama Imelde Sabushimike. Je, viti hivyo vimewapa mashamba watu wa kilima changu? Bado. Lakini mtoto wangu anapochekwa darasani anao mtu wa kumtaja.

Sasa wewe Nsimire, mdogo wangu. Uliposimulia kuhusu asali nilicheka peke yangu, kwa sababu mama yangu alikuwa na jambo lake kuhusu kondoo. Zamani huku kwetu nyama ya kondoo ilihesabiwa kuwa chakula cha Batwa, wengine waliiona haifai. Mama alipoolewa mjini na mtu asiye Mutwa, alikuwa akikataa kondoo kwenye kila sherehe kwa sauti, ili wote wasikie. Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, alikuwa anainunua kwa siri na kuipika kwa chumvi tupu, akaturuhusu tulambe sufuria, na kutuapisha tusiseme shuleni. Watoto hatukujua tunaapishwa kwa ajili ya nini. Tulidhani ni kwa sababu nyama ilikuwa ghali.

Mwanasheria na mzee wameongea kana kwamba kuna mambo mawili tu, kuandikishwa au kunyamaza. Kwa macho yangu, la kwanza kabisa ni yule mama wa kwenye foleni ya maji. Yuko wapi sasa? Aliletwa Musenyi pamoja nanyi? Huyo ndiye aliyemjua Koko kabla hajatungiwa jina. Mtafute, mkaribishe, mpe maji kwa kikombe chenu, na umwache Koko anywe baada yake mbele ya mama yako na mbele ya kaka yako. Ukifanya hivyo umekwisha kuanza kuwa mtu wetu, hata kabla karani hajafungua kitabu. Na kama hutaweza kufanya hivyo mbele ya majirani, basi usijiandikishe Mutwa, kwa maana utakuwa unataka jina bila watu.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu siku hizi wapo vijana wasomi wanaogundua nyanya wa Kitwa pale tu shirika linapotangaza ufadhili. Sikusemi wewe. Nakueleza kwa nini baadhi ya Batwa watakutazama kwa jicho la pembeni mwanzoni, ili usivunjike moyo. Jambo jingine, ambalo ni gumu kwa binti kulisikia: wanawake wetu wamebebeshwa imani chafu kwamba mwanamume akilala na Mutwa anapona maumivu ya mgongo. Nenda taratibu na Koko katika habari za ujana wake. Babu yako alimwoa na kumlinda, na hilo ni kubwa, lakini huenda kuna miaka kabla yake ambayo hatapenda kuulizwa, na mjukuu si lazima ajue kila kitu.

Mzee_wa_Lukuga

Mwalimu, hapo kwenye kikombe umenishinda. Ninalokataa bado ni karatasi. Kikombe nakikubali.

Nsimire_wa_Kadutu

Nawashukuru sana wote, hata ndugu wa Ndosho, kwa sababu maneno yake ni yale yale ya kaka yangu na imenisaidia kuyasikia kwa mtu ambaye hatukugombana naye.

Yule mama yuko hapa hapa Musenyi. Jana alikuja kwetu. Kaka alipoona kwamba Koko anamkaribisha ndani aliondoka, akakaa nje na redio yake, lakini baadaye, mama alipokuwa akigawa ugali na sombe, alirudi akala pamoja nasi bila kusema neno. Mgeni alikula kwa sahani zetu. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, ila nilimwona Koko akifuatilia kila sahani kwa macho mpaka zote zikaoshwa katika beseni moja.

Kuhusu uandikishaji, nilimsomea Koko majibu yenu nikiyaweka katika Kimashi changu kibovu. Alisema hataki kubadilisha chochote kwenye orodha maadamu baba yuko Bukavu. Alisema pia, na hili sikulitarajia, kwamba baba akifika salama, yeye mwenyewe atakwenda kwa karani, tena atataka aandikwe kwa jina la baba yake aliyemzaa. Kwangu mimi hakutoa amri. Alinicheka tu, akasema kwamba siwezi kuwa Mutwa kwa sababu ninaogopa nyuki.

Amekubali kunisimulia habari za msitu, yeye na mwenzake pamoja, na wanabishana sana kuhusu nani aliishi upande gani wa kijito gani. Mwanasheria, ulisema kwamba yeye ni shahidi. Je, simulizi hizi zinaweza kuwa na kazi yoyote, au ni kumbukumbu za familia tu? Na kama zina kazi, nizihifadhi vipi katika mazingira haya?

Mwanasheria_Kampala

Zina kazi kubwa, na nakiri kwamba mzee na mwalimu wamesema vizuri kuliko mimi kuhusu wakati wa kwenda kwa karani.

Swali litakaloulizwa siku ardhi ya Kahuzi itakapozungumzwa kwa dhati ni nani aliishi wapi, na wazee waliozaliwa msituni kabla ya mwaka 1970 wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo mrekodi kwa sauti zao wenyewe, kwa Kimashi, bila kuwasahihisha na bila kuwatafsiria katikati ya maneno. Ubishi wao usiukate, kwa sababu wazee wawili wanaobishana juu ya kijito kimoja na hatimaye wakakubaliana wana nguvu ya ushahidi kuliko mzee mmoja aliyesimulia bila kuulizwa. Waombe wataje vijito, vilima, mapango, miti mikubwa iliyokuwa na mizinga, makaburi, na jina la mkuu wa kila kambi ya familia. Makaburi hasa, maana yanaonyesha kwamba watu waliishi mahali, hawakupita tu. Waulize waliondolewa katika msimu gani wa mvua au wa kiangazi, nani alikuja kuwaambia, amevaa nini, na walilala wapi usiku wa kwanza. Tarehe za kalenda usiwalazimishe. Ukimlazimisha mzee kutaja mwaka atakupa mwaka wowote ili umwache, na mwaka huo wa kubahatisha ndio utakaotumiwa kumwita mwongo.

Mwanzoni mwa kila rekodi, mwenye kusimulia aseme mwenyewe kwamba amekubali kurekodiwa, na aseme ni nani anayeruhusiwa kuisikiliza. Akisema ni wajukuu tu, basi ni wajukuu tu, hata nikiomba mimi.

Usalama sasa. Usihifadhi rekodi kwenye simu unayotembea nayo, na usizitume kwa baba wala kwa mtu yeyote aliye Bukavu. Majina ya walio hai yaandike pembeni kwenye daftari tofauti, na katika rekodi tumieni majina ya utani. Nakala moja iweke kwenye akaunti ya intaneti yenye neno la siri ambalo wewe na mama pekee mnalijua, kisha futa kwenye simu. Ukisafiri kurudi upande wa Ruzizi, safiri na simu isiyo na chochote.

Nakutumia kwa ujumbe wa faragha maswali tunayoyatumia katika kazi yetu. Anza na lile la mizinga ya nyuki. Kwa jinsi ulivyomweleza Koko, nadhani hapo hatahitaji kubembelezwa.